Kusafisha bomba la moshi la pikipiki bila kuliharibu: mwongozo kamili kwa barabara za Goma

Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha, niliwaachia vijana wa kuosha kando ya ziwa pikipiki yangu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, bomba la moshi, hili ambalo wengi hapa Goma tunaliita eshapema, lilikuwa linang'aa kuliko siku lilipotoka dukani. Kijana alikuwa amelisugua kwa mchanga mweusi na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Nilifurahi, nikamwongezea pesa. Haukupita mwezi likaanza kuwa na rangi ya manjano, na mvua zilipokolea vikatokea vidoti vya kutu, kwanza kama pilipili manga iliyonyunyizwa, baadaye mabaka makubwa kama kiganja. Barabara ya Ndosho haikuwa na kosa lolote. Bomba liliharibiwa na usafi.

Tangu hapo nimesafisha mabomba mengi, langu na ya wenzangu wa parkingi, na nimeona kisa hicho hicho kikijirudia. Mtu anauliza, "Nisugue na nini?" kabla hajajiuliza anasugua nini. Kitu kinachong'arisha kromu kinaweza kuua rangi nyeusi. Kinachosafisha rangi nyeusi hakitoshi kwa kutu. Na kinachokubalika kwa vyote viwili kinaweza kutoboa alumini. Kwa hiyo tuanze na ngozi ya bomba, ndipo tushike kitambaa.

Bomba lako limevaa nini?

Kromu ni ile inayokuonyesha uso wako kama kioo. Chini yake kuna chuma cha kawaida, kinachoshika kutu upesi. Juu ya chuma hupakwa nikeli, na juu ya nikeli ndipo inakaa kromu yenyewe. Watu hawajui jinsi kromu hiyo ilivyo nyembamba: kwa kawaida haifiki hata elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko kromu hiyo zaidi ya mara mia. Ni ngumu sana, ndiyo maana inavumilia mawe na matope, lakini ukiisugua kila Jumapili kwa kitu kikali itafika siku itakwisha. Ukiona mng'ao umeacha weupe wenye ubuluu kidogo na umeanza kuwa wa manjano, hapo kromu imeondoka na unaiangalia nikeli. Ndicho nilichokuwa nakiona baada ya ule mchanga, ila sikukijua.

Chuma kisichoshika kutu, yaani inoksi, hakina koti. Ni madini yenyewe, chuma kilichochanganywa na kromu isiyopungua asilimia 10.5, na kromu hiyo ndiyo hujitengenezea utando usioonekana wa kukikinga. Ukikikwaruza, ndani kina rangi ile ile ya nje. Mng'ao wake ni wa kijivu-cheupe, na karibu na injini huwa na rangi ya dhahabu au zambarau. Kuna wanaosema sumaku ndiyo hakimu: ikishika ni chuma cha kawaida, isiposhika ni inoksi. Msiwaamini moja kwa moja. Zipo aina za inoksi zinazoshikwa na sumaku, na baadhi yake ndizo hasa zinazotengenezewa mabomba ya moshi. Angalia sehemu ya chini ya bomba, kwenye mikwaruzo ya mawe: ikiwa ndani ya mikwaruzo kuna kutu, umeshika chuma kilichopakwa.

Rangi nyeusi ya kuvumilia joto utaikuta kwenye TVS na Boxer nyingi zinazobeba abiria mjini, hasa kwenye shingo, ile sehemu inayotoka kwenye injini na kupinda kuelekea nyuma. Nayo ni laini kuliko inavyoonekana. Alumini hutumika zaidi kwenye kava za kuzuia joto na kwenye vifuniko vya ncha. Ni nyepesi, laini, haishikwi na sumaku kabisa, na inachukia tindikali na pia inachukia sabuni kali zenye soda kaustiki.

Pikipiki moja inaweza kuwa na ngozi tatu: shingo nyeusi, kopo la nyuma (ile sehemu nene ya kupunguza kelele) la kromu, kava ya alumini. Hivyo usichovye kitambaa kimoja kwenye dawa moja ukapitisha toka mbele hadi nyuma. Na dawa yoyote usiyoijua, ijaribu kwanza upande wa chini usioonekana, mahali padogo kama sarafu, usubiri dakika tano, uoshe, ukaushe, uangalie kwenye mwanga wa jua.

Uchafu wa kwetu si uchafu wa kila mahali

Vumbi la Goma ni jiwe la volkeno lililosagwa na magurudumu. Lava iliyoshuka mjini tarehe 17 Januari 2002 bado tunaikanyaga, na mitaa mingi ya ndani haina lami. Vumbi hilo lina ncha kali. Kulipangusa bomba kavu kwa tambara, kama wengi wafanyavyo asubuhi wakisubiri mteja, ni sawa na kupitisha msasa juu ya rangi na inoksi. Ukitaka kulipangusa asubuhi, lilowanishe kwanza.

Pili, volkeno zetu mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, hutoa gesi yenye salfa, na gesi hiyo ikikutana na mvua huifanya iwe na tindikali. Mara nyingi upepo huupeleka moshi wake upande wa magharibi, kuelekea Rusayo na Sake. Anayefanya njia hiyo asiache maji ya mvua yakauke juu ya kromu siku tatu nne. Aoshe jioni ile ile.

Tatu, maji ya ziwa. Kivu si maji ya chumvi ya bahari, lakini yamejaa madini yaliyoyeyuka, ndiyo maana yakikauka juu ya kitu cha moto huacha madoa meupe. Kuosha kwa maji ya ziwa kunawezekana, wengi hatuna mengine. Ila usiyaache yakauke yenyewe. Suuza ya mwisho ikiwa ya maji ya bomba la mtaa au ya tanki la mvua, ni bora zaidi. Na tafadhali, usiingize pikipiki ziwani. Wapo watu wanaochota bidoni la kunywa hatua chache kutoka hapo. Chota maji, osha mbali, na mafuta yapanguse kwanza kwa tambara ili yasiende na maji.

Vya kuandaa

Havihitaji duka kubwa. Bidoni moja la lita 20 linatosha pikipiki nzima ukiwa mwangalifu. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, si ya unga, kwa sababu unga usioyeyuka unakwaruza. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji, ili mchanga uliotoka kwenye bomba usirudi kwenye bomba. Sponji laini. Mswaki wa zamani kwa ajili ya kona na mabano. Vitambaa vitatu vinne vya pamba. Fulana ya zamani iliyokatwa vipande ni nzuri, mradi uondoe vifungo na mishono migumu. Mafuta ya taa kidogo kwenye kikopo kwa ajili ya grisi na lami. Karatasi ya alumini ya kufungia chakula. Kipande cha mti mkavu kilichochongwa bapa kama mwiko. Polishi ya chuma ya tyubu, kama Autosol, ukiipata. Glavu nene. Na mfuko na mpira wa kuzibia mdomo wa nyuma wa bomba.

Poza, ziba, osha

Bomba liwe limepoa kabisa. Baada ya kazi ya siku nzima, lipe saa moja. Kulimwagia maji baridi likiwa la moto kuna hasara tatu: maji huruka mvuke na kuacha madini yake papo hapo kama rangi, kromu na rangi nyeusi hustuka na kupata nyufa ndogo, na wewe unaweza kuungua. Weka mgongo wa kiganja karibu nalo bila kuligusa. Ukihisi joto, endelea na kazi nyingine. Akiungua mtu, mguu uwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia si tiba ya kuungua.

Ziba mdomo wa nyuma kwa mfuko na mpira. Maji yakiingia ndani ya kopo yanakaa kwenye vyumba vyake na kuanza kulila kutoka ndani. Uandike au uning'inize kitu kwenye usukani cha kukukumbusha kuutoa kabla ya kuwasha.

Mwaga maji kutoka juu polepole, bila kusugua, hadi matope yalainike na vumbi liondoke lenyewe. Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayookoa bomba kuliko zote. Tope la lava lililokauka lipe dakika kumi za kulowana, ulimwagie tena, ulisubiri tena. Likianza kumenyuka lenyewe ndipo uchukue sponji yenye povu jingi, uipitishe kwa urefu wa bomba, mbele kwenda nyuma, si kwa kuzungusha. Kila mapito mawili, suuza sponji. Mswaki uende kwenye mabano, kwenye maungio, na nyuma ya kava, mahali tope linapojificha likiwa bichi na kuanzisha kutu usiyoiona.

Grisi ya mnyororo na lami havisikii sabuni. Vipe mafuta ya taa kwenye kitambaa, subiri dakika moja, pangusa, kisha osha tena kwa sabuni mpaka harufu iishe. Kumbuka bomba litapata moto baadaye. Mafuta yoyote yaliyobaki yataungua na kuacha doa la kahawia. Usitumie esansi, yaani petroli. Inawaka kwa cheche ndogo, na karibu na pikipiki cheche hazikosekani.

Koti la mvua lililoyeyuka

Hili ni tatizo la kwetu hasa, na nitakaa hapo kidogo. Mvua inanyesha, abiria amejifunika koti la plastiki, upepo unalilaza kwenye bomba, na kabla hamjafika Majengo tayari kuna bamba jeusi lililonata. Au ni sashe ya sokoni, au soli ya kandambili.

Usiliache "liungue lenyewe", kama wanavyoshauri wengine. Makoti mengi ya mvua ni ya plastiki ambayo ikiungua hutoa gesi yenye tindikali ya kloridi. Gesi hiyo inadhuru mapafu na pia inashambulia kromu na inoksi. Nimeona bomba ambalo plastiki iliungua ikaisha, na mahali pale pale pakabaki umbo la doa la kutu.

Fanya hivi. Ukiwa nje penye upepo, washa injini dakika moja au mbili tu, mpaka plastiki ilainike kama ubani uliotafunwa lakini haijatoa moshi. Zima. Vaa glavu. Chukua kile kipande cha mti, ukiingize chini ya ukingo wa plastiki kwa pembe ndogo, usukume. Itatoka kwa mikunjo. Futa mti kila mara. Ikiganda tena, washa tena kidogo. Kisu, bisibisi na wembe viache sandukuni. Vinakwangua haraka, na pamoja na plastiki vinaondoa kile ulichokuwa unakilinda. Kwa plastiki ndogo kwenye bomba lililopoa, kadi ya zamani ya simu au ya benki inafaa.

Baada ya hapo hubaki utando mwembamba wa kahawia. Ikiwa lilikuwa koti la mvua, na bomba ni kromu au inoksi, asetoni itaulainisha, ile wanayotumia akina mama kuondoa rangi ya kucha. Bomba liwe baridi, injini imezimwa, hakuna sigara wala jiko karibu. Loweka kitambaa, kibandike juu ya doa dakika mbili, pangusa. Ikiwa ilikuwa sashe nyepesi ya sokoni, asetoni haitaiyeyusha. Rudia joto na mti, kisha malizia kwa polishi ya chuma. Na kwenye rangi nyeusi asetoni isiguse kabisa, maana itaondoka na rangi. Hapo ni mti, subira na sabuni tu, na alama ndogo ikibaki, ni heri kuliko kidonda kilicho wazi.

Kutu juu ya kromu

Kutu unayoiona juu ya kromu haikuzaliwa juu. Imepita chini. Kromu ina vitundu na nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Maji hupenya, hukuta chuma, na kutu hupanda kupitia kitundu kile kile. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kuiondoa iliyo juu bila kukipanua kitundu, na kukiziba ili maji yasirudi.

Kata karatasi ya alumini kama kiganja, uifinye iwe kibonge kisicho na ncha kali. Ichovye kwenye maji, usugue taratibu eneo dogo tu. Alumini ni laini kuliko kromu, ndiyo sababu inafaa: kinachoisha ni karatasi. Utaona uji wa kijivu-kahawia unajitokeza. Upanguse, geuza kibonge, endelea. Kutu ikiwa sugu, badala ya maji tumia Coca-Cola, ambayo ina tindikali ya fosforiki kidogo. Usiloweke bomba zima. Chovya, sugua, osha mara moja kwa sabuni, kwa sababu sukari ikibaki itanata na kuungua. Dakika tano kwa kila sehemu zinatosha.

Nyuzi za chuma laini kabisa, zile zenye alama ya sifuri nne, pamoja na tone la mafuta, zinaweza kutumika kwenye kromu kwa mkono mwepesi. Zile za kusugulia sufuria hapana. Na kwenye inoksi usitumie nyuzi za chuma za aina yoyote, kwani vipande vyake vidogo hubaki vimejichomeka na kuanza kushika kutu vyenyewe, ndipo mtu aseme inoksi yake ni bandia.

Jua mahali pa kusimama. Ukigusa kwa ukucha ukahisi kromu imeinuka kama ganda, au inamenyuka, usiendelee kusugua. Hakuna polishi inayorudisha kromu iliyoondoka. Hapo umebakiwa na njia mbili: kulipeleka mahali wanapopaka kromu upya, ambako kwetu si rahisi kupata, au kuondoa maganda yote na kulipaka rangi nyeusi ya kuvumilia joto. Mimi la kwangu nililipaka rangi, na lilidumu.

Ile buluu na ile dhahabu

Wengi huniletea shingo iliyogeuka buluu wakidhani ni uchafu. Ni utando mwembamba wa oksidi uliotengenezwa na joto. Kwenye inoksi rangi hizo hutokea kwa mpangilio: njano hafifu karibu na nyuzi 290 za Selsiasi, kisha kahawia, zambarau, na buluu karibu na nyuzi 540. Polishi ya tyubu na kitambaa vitaipunguza, lakini ukisafiri hadi Sake na kurudi itakuwa imeanza tena. Ushauri wangu kwa inoksi ni kuiacha. Ni rangi halali ya chuma kilichofanya kazi, nami naiona nzuri.

Kwenye kromu ni habari nyingine, hasa ikitokea ghafla. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, iliyorekebishwa kwa nchi za chini huwa inatoa mafuta mengi kuliko hewa. Hali hiyo huleta masizi meusi, haileti joto la kupita kiasi. Hivyo shingo ikigeuka buluu hapa Goma, tafuta kwanza hewa inayoingia pasipotakiwa: mpira wa kabureta uliopasuka, au gasketi ya bomba kwenye injini. Injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kuzunguka maungio ya shingo, mwenzako awashe. Povu likitoa mapovu makubwa sekunde za kwanza, moshi unavuja hapo. Rekebisha hilo kabla ya kupoteza polishi.

Inoksi, kwa kifupi

Inapenda sabuni, maji mengi na kukaushwa. Ikiwa ina mistari ya kiwandani, fuata mistari hiyo, usiikate. Adui wake mkubwa ni kloridi: javeli (dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe), chumvi ya mezani, na ile "dawa" ya siki iliyotiwa chumvi inayosifiwa sana mitaani. Huacha vitundu vidogo kama vilivyochomwa sindano, na vitundu hivyo havitoki kwa polishi.

Nami niseme hapa kuhusu siki na magadi ya keki vikichanganywa. Povu linafurahisha macho, lakini vitu viwili hivyo vinauana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi dhaifu. Ukitaka magadi, tengeneza uji mzito wa magadi na maji, upake kwenye doa la inoksi kwa kitambaa, uoshe. Ukitaka siki, tumia siki peke yake, dakika mbili, kwenye kromu, uoshe. Visikutane. Na javeli isikutane na siki wala limau kamwe: hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu ya kuvuta.

Rangi nyeusi

Rangi hii huvumilia joto kali, ila haivumilii kusuguliwa. Sabuni, sponji, maji, basi. Grisi iondolewe kwa mafuta ya taa kidogo yasiyokaa. Polishi ya chuma usiiguse nayo, itaifanya iwe na mabaka ya kung'aa kama suruali iliyochakaa magotini.

Ikiwa imeshamenyuka, kuosha hakutasaidia tena. Paka upya, na ni kazi ya Jumapili moja. Fungua bomba, kwa sababu kulipaka likiwa limefungwa utaacha upande wa ndani bila rangi. Sugua kutu yote kwa msasa wa 120, kisha lainisha kwa 320 hadi uone chuma safi. Ondoa vumbi, pangusa kwa kitambaa chenye asetoni, na baada ya hapo usiliguse kwa kiganja kitupu. Jasho la vidole linatosha kufanya rangi ikatae. Chagua kopo la kupuliza lililoandikwa kuwa linavumilia nyuzi 600 au zaidi. Puliza mapito membamba matatu, ukiacha muda kati yake kama kopo linavyoelekeza. Pito moja nene litatiririka, kisha litavimba likipata joto.

Kosa kubwa liko mwishoni: mtu anapaka asubuhi, mchana anabeba abiria. Rangi hii hukomaa kwa joto la hatua kwa hatua. Ikikauka, funga bomba kwa gasketi mpya, washa injini ikiwa imesimama dakika kumi, zima, acha ipoe kabisa. Washa dakika ishirini, poza. Ndipo uende safari fupi. Itatoa moshi na harufu mara ya kwanza, ni kawaida.

Alumini na masizi ya ncha

Alumini ioshe kwa sabuni ya vyombo tu, na polishi kidogo ikiwa haijapakwa rangi. Dawa za kusafishia majiko na mifereji, ambazo zina soda kaustiki, zinaila mbele ya macho yako, na majivu ya mkaa yaliyoloweshwa nayo yana ukali wa namna hiyo.

Masizi ya ncha yanatoka kwa mswaki, sabuni na maji ya uvuguvugu, baada ya kulowana kwa mafuta ya taa kidogo. Yakirudi baada ya siku mbili, meusi na makavu kama unga wa mkaa, fundi aangalie kabureta na chujio la hewa. Yakirudi yakiwa na mafuta, injini inakula oili.

Kuhusu maji ya betri nitasema neno moja tu, maana kila mwaka namwona mtu anayejaribu: usitumie. Ni tindikali ya salfa. Yanaondoa kutu kweli, yanaharibu na bomba lenyewe, yanachoma ngozi na kupofusha macho.

Kukausha, kuwasha, kulinda

Pangusa bomba lote kwa kitambaa kikavu, hadi nyuma ya kava na chini ya mabano. Toa mfuko kwenye mdomo wa nyuma. Kabla ya kuwasha, pitisha kitambaa safi chenye spiriti kidogo kwenye shingo na kopo, ili kuondoa alama za vidole na mabaki ya polishi. Alama ya kidole ikipikwa juu ya kromu au inoksi haitoki kirahisi; unaweza kuona vidole vitano vya mtu aliyefunga bomba miaka mitatu iliyopita. Spiriti ikishakauka, washa, acha injini iendeshe dakika kumi hadi kumi na tano ili maji yaliyofichwa yaondoke.

Nta ya magari ni nzuri kwa kopo la nyuma lisilopata joto kali, na ndiyo inayoziba vile vitundu vya kromu tulivyovisema. Paka kidogo bomba likiwa baridi, iache ikauke, pangusa hadi isionekane. Usiipake kwenye shingo, hapo itayeyuka na kuungua iwe doa. Kwa wanaofanya kazi kila siku, nta mara moja kwa mwezi msimu wa mvua, na mara moja kwa miezi miwili kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti.

Mwisho, piga magoti uangalie chini ya kopo la nyuma. Mabomba mengi yana kitundu kidogo hapo, na wengi hukiziba kwa kuchomelea wakidhani ni tobo la kutu. Kila lita moja ya esansi ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, yanayotoka kama mvuke bomba likiwa la moto. Katika safari fupi fupi za mjini, Birere hadi Katindo, Katindo hadi Virunga, bomba halipati joto la kutosha na maji hayo hubaki ndani. Kitundu kile ndicho mlango wake wa kutokea. Ukikikuta kimejaa tope, kizibue kwa waya mwembamba, taratibu, kisha uwashe injini uone kama tone la kwanza linadondoka.